Kompyuta na Waliofia Nyumbani

Ndugu msikilizaji, nilipokuwa mdogo mama yangu mkubwa alifariki nyumbani kwake, juu huko milima ya Uluguru. Homa ilimshika siku nne. Tukamzika, tukaanua matanga, basi. Hakuna daktari aliyemwona, wala daftari la hospitali lililoandika jina lake. Kwa mpangaji wa bajeti ya afya, ni kama hakufa.

Walikuwapo wengi kama yeye, kwani hospitali huhesabu wale tu wanaofika mlangoni. Mwaka 1992 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianzisha mradi wa AMMP katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kazaliwa, nani kafa. Palipokuwa na msiba, mhojaji alikwenda kuketi na wafiwa. Homa ilianza lini? Marehemu alikohoa? Alikuwa mjamzito? Madaktari waliyasoma majibu, wakakadiria chanzo cha kifo, kisha yote yakaingizwa katika kompyuta.

Utauliza, marehemu keshazikwa, kompyuta ya nini? Ni kweli, kompyuta haitibu mtu. Lakini hujumlisha misiba ya maelfu ya nyumba na kukokotoa kila ugonjwa umetunyang'anya miaka mingapi ya kuishi. Mtoto mchanga akifa hupotea miaka mingi kuliko akifa mzee wa miaka 80.

Mradi mwingine, TEHIP, wa Wizara hiyo na shirika la IDRC la Kanada, ulizigeuza hesabu hizo kuwa michoro ambayo viongozi wa afya wa wilaya waliweza kuisoma. Morogoro wakajiona kwenye kioo. Mwaka 1996 malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka iliyopotea, lakini ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti!

Hapo wilaya ikapanga upya matumizi yake, ikisaidiwa na nyongeza ndogo, isiyozidi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Waganga walifundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kikamilifu, na vyandarua vikahimizwa. Katika miaka kama mitano, vifo vya watoto Morogoro Vijijini na Rufiji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sisemi ni kazi ya kompyuta peke yake, la hasha. Ila bila hesabu, fedha zingeendelea kupotea njia.

Leo taarifa za zahanati huingia katika mfumo wa kompyuta wa taifa zima. Lakini mashine haimjui mtu asiyeandikwa. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukifiwa nyumbani, mwarifu mtendaji wa mtaa au kijiji, kifo kiandikishwe. Hutamfufua marehemu wako, lakini huenda ukamwokoa mtoto wa jirani.

Tukutane wiki ijayo.