Je, Wajua? Mkonge Huogeshwa Kwanza!

Wewe wa Nyahanga, hebu tazama ule mkonge ulioota mpakani mwa shamba. Je, wajua kwamba mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mmea huo kutoka Florida, na ikafika hai 62 tu? Sitini na miwili! Mashamba makubwa ya Tanga yalianzia hapo.

Je, wajua kwamba katani, yaani uzi wa mkonge, na plastiki haziivi chungu kimoja? Katani inapenda maji, plastiki inayakimbia. Zichanganye hivi hivi, kisha vuta: uzi unachomoka!

Dawa yake? Kostiki soda. Ndiyo, ile ile ya watengeneza sabuni, na ile ile inayosaidia kuibandua dhahabu kwenye kaboni huku kwetu machimboni. Loweka katani kwenye maji yenye kostiki kidogo, kama asilimia 5 hivi: nta inatoka, uzi unabaki na mikwaruzo, plastiki inapata pa kushika.

Ujanja huo si wa jana, ujue. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer aliona kitambaa cha pamba kikinywea na kunenepa kwenye kostiki, na mwaka 1850 akakichukulia hataza.

Unadhani Watanzania waliwaachia Wazungu katani? Thubutu! Mwaka 1991 Mtanzania Elifas Bisanda, pamoja na mtafiti mwenzake Martin Ansell, alichapisha utafiti wa kuipaka katani silani kabla ya kuitia kwenye gundi ya epoksi. Silani ni kemikali yenye ncha mbili: moja inang'ang'ania uzi, nyingine inang'ang'ania gundi. Mwaka 1993 Bisanda akaandika kuhusu mabamba ya kuezekea yaliyotengenezwa kwa katani. Bwana huyo baadaye akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania!

Mwaka 2002 Mtanzania mwingine, Leonard Mwaikambo, naye pamoja na Ansell huyo huyo, akaonyesha kazi ya kostiki kwenye katani, juti, bangi ya nyuzi na hata sufi. Sufi ya kujazia mito, jamani!

Na wewe mkulima wa pamba, kaa vizuri. Je, wajua kwamba Trabant, gari la Ujerumani Mashariki, lilivishwa mabamba ya mabaki ya pamba na gundi ya fenoli? Magari hayo yalitengenezwa zaidi ya milioni 3 hadi mwaka 1991. Mabamba hayakushika kutu. Kilichooza ni chuma cha ndani!