Kabla Hujanunua Kifaa cha "Kuendesha Pampu kwa Maji", Soma Hapa



Juzi nilipigiwa simu na kijana mmoja anayelima nyanya ekari mbili kando ya mto. "Shikamoo bwana shamba. Nimepata dili. Kuna kifaa kinageuza maji kuwa haidrojeni, pampu yangu haitakunywa petroli tena. Laki nane na nusu tu." Hela ya mchumo wa kwanza alikuwa nayo mkononi, anasubiri niseme sawa. Nikamwambia, mwanangu, usitume kitu, kesho nakuja.

Nilipofika akanionyesha video. Kuna chupa ya maji, waya mbili, betri, povu linapanda, na pampu inanguruma. Nikamuuliza, "Tenki la petroli wamekuonyesha kama ni tupu?" Akanyamaza. Tukakaa chini ya mwembe, tukatoa kalamu. Hesabu tulizopiga ndizo hizi.

Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua

Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote. Ikichanganyika na oksijeni ikapata cheche, inaungua na kutoa joto kali, na kinachobaki ni maji. Hata jina lake, alilolitoa mwanakemia Mfaransa Lavoisier katika karne ya 18, maana yake ni "mzaa maji". Kwa hiyo maji ni kama majivu ya jikoni kwako. Majivu huwezi kuyawasha tena. Ukitaka yarudi kuwa kuni, lazima urudishe joto lote lililotoka, na utapoteza mengine njiani.

Kuyatenganisha maji kunawezekana, ila unalipa kwa umeme. Lita 9 za maji zinatoa kilo 1 ya haidrojeni na kilo 8 za oksijeni. Mitambo mizuri ya viwandani hutumia uniti kama 50 za umeme kupata hiyo kilo moja. Ukiichoma, inakurudishia joto la uniti 33. Bado injini haijachukua fungu lake, na injini ndogo ya pampu hupoteza karibu robo tatu ya joto inalolipata.

Hesabu ya pampu yako

Tuseme pampu yako inakula lita 1 ya petroli kwa saa. Lita hiyo ina nishati ya uniti 9 hivi. Kuiziba kwa haidrojeni unahitaji gramu 270 kila saa, yaani gesi ya zaidi ya lita 3,000. Kutengeneza gesi hiyo ni uniti 13 na nusu za umeme. Betri ya sola ya volti 12, Ah 100, ikijaa kabisa inabeba uniti 1.2. Maana yake utamaliza betri zaidi ya 11 kwa saa moja tu ya kumwagilia! Yule jamaa wa video ana betri moja.

Sasa sikia hii. Kazi hiyohiyo ya kuvuta maji, pampu ya umeme inaifanya kwa uniti zisizozidi 3. Kama una sola, ipeleke moja kwa moja kwenye pampu. Usiizungushe kwenye chupa.

Na hatari je?

Haidrojeni haina harufu wala rangi, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Ikifika asilimia 4 tu kwenye hewa, cheche inatosha. Kile kichupa kinatoa haidrojeni na oksijeni pamoja, yaani tayari zimechanganywa kwa mlipuko. Na wale wanaoongeza chumvi ya mezani ili umeme upite vizuri wanatengeneza klorini, gesi ya sumu.

Hapo hapo, wenye betri za maji za sola: zikichajiwa sana nazo hutoa haidrojeni. Usizifungie kwenye stoo isiyo na dirisha, na usivute sigara wala kuwasha kibiriti humo.

Basi haidrojeni haina maana?

Ina maana sana. Kwa uzito, kilo moja ina nishati karibu mara tatu ya kilo ya dizeli, na ikiungua haitoi kaboni. Tatizo ni kuibeba: kilo hiyo moja ikiachwa huru inajaza lita 12,000. Gari kama Toyota Mirai huishindilia kwenye matangi kwa mgandamizo wa bar 700, wakati tairi la gari dogo lina bar 2 hivi. Hiyo siyo kazi ya fundi wa kijiweni.

Lakini wewe mkulima haidrojeni unaitumia kila msimu. Iko kwenye yurea. Tangu 1913, kiwanda cha Oppau kule Ujerumani kilipoanza kutumia njia ya Haber na Bosch, mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni kupata amonia. Mfuko mmoja wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na kuupata kulihitaji karibu kilo 5 za haidrojeni. Sehemu kubwa ya haidrojeni hiyo duniani hutoka kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Ndiyo maana gesi ilipopanda bei Ulaya mwaka 2021 na 2022, na wewe dukani ulilia.

Hapo ndipo pa kuangalia. Naivasha, Kenya, kuna shamba kubwa lililofungiwa mtambo wa kutengeneza amonia kwa maji, hewa na umeme wa jua. Piga hesabu: kilo 5 mara uniti 50 ni uniti 250 kwa haidrojeni ya mfuko mmoja. Umeme ukiwa rahisi, mbolea inaweza kutengenezwa jirani na shamba. Ukiwa ghali, haitawezekana.

Yule kijana laki nane na nusu yake bado anayo. Anakusanya nyingine apate paneli na pampu ya sola. Wewe ukiletewa kifaa cha maajabu, uliza swali moja tu: nishati inaingia kutoka wapi, na ni uniti ngapi? Muuzaji akikosa jibu, funga pochi yako.