Mtaro wa Mpazi na mashine iliyobeba mashine

Mvua kubwa ikipiga Mlima Kigali, kilio cha kwanza husikika mbali na mlima. Husikika Nyabugogo, bondeni, penye stendi kuu ya mabasi, ambako maji ya rangi ya udongo hupanda barabarani na abiria wakavua viatu. Maji hayo hayakuzaliwa hapo. Yameteremka kutoka kwenye mabati ya mitaa ya Kimisagara na Gitega, yakajikusanya katika korongo la Mpazi, na kila mtaro ulipozibwa na mchanga au takataka yakazidi kujaa, hadi yakawafikia watu wasio na habari ya kilichotokea huko juu. Mkazi wa Kimisagara haulizi Nyabugogo kuna nini. Anatazama juu.

Wapo mafundi ambao riziki yao yote ni kutazama juu namna hiyo. Ni wasimamizi wa kompyuta kuu, zile mashine za ukubwa wa kabati zinazobeba ndani yake mamia ya kompyuta nyingine zisizoshikika. Simu inawafikia kutoka bondeni: karani anasema sistemu inavuta miguu, au kama wasemavyo Kigali, nta rezo, hakuna mtandao. Karani ameona mafuriko. Fundi anatafuta mtaro.

Kompyuta kuu si masalia ya makumbusho. IBM bado inaziunda, na kizazi kiitwacho z17 kilitangazwa Aprili 2025. Benki kubwa, makampuni ya bima na mitandao ya kadi duniani hazijaziacha. Kadi ya Visa ikichomekwa katika duka la Kigali, ombi la idhini husafiri hadi kwenye vituo vya Visa, na kwa miongo mingi Visa imetegemea kompyuta kuu za IBM zenye mfumo endeshi uitwao TPF, uliotokana na mifumo ya kuuzia tiketi za ndege. Wanaoandika programu za TPF nao huzijaribu kwanza ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ambayo haina chuma chake yenyewe.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kimisagara kiwanja kimoja hubeba nyumba kuu na vyumba vingi vya kupanga, kila mpangaji na kufuli lake. Mfumo endeshi wa mashine pepe, ambao leo jina lake ni z/VM, huenda mbali zaidi ya kufuli: kila mpangaji huamini kwamba kiwanja kizima ni chake. Huona prosesa, kumbukumbu, diski na hata kifaa cha kuamrishia mashine, vyote vyake peke yake. Chini yao kuna programu moja, CP, inayomiliki chuma halisi na kumgawia kila mmoja kwa zamu, haraka kiasi kwamba hakuna anayejua kuwa yuko kwenye foleni.

Wazo hili lilizaliwa kwa sababu ya kushindwa. Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza familia yake mpya ya kompyuta, System/360, lakini mwaka huohuo chuo cha MIT kilichagua mashine za General Electric kwa mradi wake wa kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Katika kituo kidogo cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, Robert Creasy na Les Comeau wakatafuta njia yao. Hawakutaka mfumo mmoja mkubwa wa kumhudumia kila mtu. Waliigawa kazi mara mbili: CP imtengenezee kila mtumiaji kivuli cha kompyuta kamili, na juu ya kila kivuli kikae mfumo mwepesi wa mtu mmoja, CMS. Januari 1967 mfumo wao, CP-40, ulikuwa kazini kwenye kompyuta moja iliyofanyiwa marekebisho. Ulibeba mashine pepe 14, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 256. Picha moja ya simu leo isingeenea humo.

Ukafuata CP-67, kisha VM/370 iliyotangazwa tarehe 2 Agosti 1972. Kisa cha kuandaliwa kwa VM/370 kinastahili kukaliwa kidogo. Mashine za System/370 zenye kumbukumbu pepe zilikuwa bado siri, na za majaribio zilikuwa hazijawa tayari. Wahandisi wa Cambridge wakaibadilisha CP-67 ili iigize mashine hizo ambazo hazijazaliwa, kisha wakaandika mfumo mpya ukiendeshwa juu ya mwigo. Lakini kompyuta yao ilitumiwa pia na wanafunzi wa vyuo vya Boston, na siri ingevuja. Basi mwigo wenyewe wakauingiza ndani ya mashine pepe nyingine, chumba ndani ya chumba, wanafunzi wakiendelea na kazi zao jirani bila kusikia kitu. Mfumo mpya ulikwisha kutembea kabla chuma chake hakijawashwa.

Miaka zaidi ya 50 baadaye, kazi ya matengenezo bado husimama juu ya ujanja huohuo. Msimamizi anayetaka kuweka toleo jipya la z/VM hulisimika kwanza kama mpangaji ndani ya z/VM inayofanya kazi. Huliwasha, huliharibu kwa makusudi, huliangusha na kuliinua tena, na watumiaji waliopo hawaoni hata mtikisiko. Marekebisho kutoka IBM nayo huwekwa kwa hatua mbili: amri moja huyaingiza pembeni yakajaribiwe, nyingine huyahamishia kazini. Fundi mwenye haraka huziona hatua hizo kama usumbufu. Fundi aliyewahi kuangusha mfumo saa nne asubuhi huzihesabu kama chakula.

Turudi kwenye maji, maana hapa ndipo hitilafu nyingi huanzia. Kimisagara ina mtambo wa kusafishia maji yanayotoka mto Yanze, na mabomba yake hulisha sehemu ya jiji. Hakuna mtambo wa maji duniani unaojengwa kwa hesabu ya kila bomba kufunguliwa kwa pamoja. Hujengwa kwa kuamini kwamba huyu akioga yule analala. z/VM hufanya hesabu hiyohiyo na kumbukumbu. Jumla ya kumbukumbu walizoahidiwa wapangaji huzidi kumbukumbu halisi, wakati mwingine mara mbili au zaidi. Kipande ambacho hakijaguswa kwa muda, kinachoitwa ukurasa, huondolewa na kupelekwa kwenye diski, kisha hurudishwa mwenyewe anapokihitaji. Hesabu hiyo ikipigwa vizuri ni uhodari. Mwaka 2000 Mmarekani David Boyes alionyesha mfumo wa Linux ukiendeshwa mara 41,400 kwa wakati mmoja ndani ya kompyuta kuu moja, kila nakala ikidhani iko peke yake.

Ikipigwa vibaya, ni Mpazi wakati wa masika.

Chukua mfano ambao msimamizi yeyote wa z/VM ataufahamu. Ijumaa jioni mtu analalamika kwamba mashine yake ya Linux ni nzito, anaongezewa kumbukumbu mara tatu, anashukuru, anaondoka. Jumatatu asubuhi mashine ya mahesabu, ambayo hakuna aliyeigusa, inakwama. Kitu kinachomjia kila mtu haraka ni kuiongezea mashine ya mahesabu kumbukumbu, na kufanya hivyo ni kumwaga maji juu ya mafuriko. Linux haiachi kumbukumbu ikae bure. Kila inachopewa hukijaza nakala za mafaili ya diski, ikitumaini zitafaa baadaye. Kwenye kompyuta yenye mtumiaji mmoja hiyo ni busara. Kwenye kiwanja cha wapangaji 100 ni uchoyo usio na nia mbaya: kurasa za wengine husukumwa nje kwenda diski ili ghala la mmoja lijae vitu asivyovihitaji.

Fundi mzoefu hakimbilii kwenye mashine inayolia. Anaandika INDICATE LOAD na kuona prosesa hazina kazi nzito ilhali kurasa zinakwenda na kurudi kwa kasi. Hiyo inamwambia kwamba si nguvu iliyopungua, ni nafasi. Anaandika QUERY ALLOC PAGE kuona diski za kurasa zimejaa kiasi gani. Kanuni ya wazee wa kazi hii ilikuwa zisivuke nusu, kwa sababu CP huandika kurasa kwa mafungu, na diski ikishajaa kiraka hapa na kiraka pale, kutafuta mahali pa fungu zima kunakula muda. Nafasi yote ya diski ikiisha, CP haina pa kuweka ukurasa unaofuata. Hujiangusha yenyewe na kuacha alama ambayo wasimamizi wanaijua kwa moyo, PGT004. Wapangaji wote huanguka pamoja nayo, mwenye hatia na asiye na hatia.

Dawa yake hushangaza wageni: ile Linux ya Ijumaa inapunguzwa. Ushauri uliokubalika kwa miaka mingi ni kuibana Linux ndani ya z/VM mpaka ikaribie kuanza kutumia nafasi yake ya akiba kwenye diski, kisha kuiacha hapo. Ikibanwa vizuri haijazi ghala, na jirani zake hupumua. Kumweleza mteja kwamba mashine yake itakwenda vizuri zaidi ikipewa kidogo kunahitaji ulimi laini, na hilo ni sehemu ya ufundi kama vile amri zenyewe.

Mitaro mingine huziba kimyakimya. Upo uwanja wa diski uitwao spuli, ambamo hukaa machapisho yanayosubiri na rekodi za kila kinachoandikwa kwenye skrini za wapangaji. Programu moja iliyoshikwa na kichaa, ikarudia ujumbe uleule usiku kucha, huweza kuujaza hadi asubuhi. Kuna pia hatari ya neno moja. Msimamizi akiingia kwenye mashine pepe inayobeba huduma ya watu, akamaliza na kuaga kwa LOGOFF badala ya DISCONNECT, hajajiondoa yeye: ameizima mashine. Ndiyo maana CP huwapanga watumiaji kwa madaraja ya herufi. Mpangaji wa kawaida yuko daraja la G na anaweza kuvunja chumba chake tu. Amri ya kuzima kiwanja kizima iko daraja la A, na mwenye herufi hiyo hutakiwa kusoma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Afrika Mashariki ilionja mapema gharama ya mashine isiyo na watunzaji wa kutosha. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta ya ICT 1500 mwaka 1965, ya kwanza nchini. Miaka michache baadaye mradi wa kuingiza hesabu za serikali kwenye kompyuta ukavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Mashine zilikuwapo na fedha zilikwisha kutumika. Macho ya kutazama juu ya mlima yalikuwa machache mno.

Leo Rwanda ina kituo chake cha taifa cha data, na mkazi wa Kimisagara hupata huduma za serikali kwa wakala wa Irembo, jukwaa la huduma hizo mtandaoni, bila kupanda basi. Huduma za namna hiyo, popote duniani, hazisimami tena juu ya seva moja yenye jina ubavuni. Zinasimama juu ya mashine pepe, kwa wazo lilelile la Cambridge, hata pale ambapo hakuna kompyuta kuu ya IBM karibu. Mitaro yake ni ileile pia.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi, Wanyarwanda wenye umri wa miaka 18 hadi 65 hutoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na kwenye mitaa ya mteremko kama ya Kimisagara kuzibua mitaro ni kazi isiyokwisha. Wakati huo jua huenda linawaka. Wasimamizi wa z/VM nao huchagua usiku wa mwisho wa juma, wanapumzisha wapangaji mmoja mmoja, wanaanzisha mfumo upya na kuhakikisha diski za kurasa zina nafasi, wakati ambapo hakuna aliyelalamika.

Na ufundi wenyewe hauhitaji tena mlango wa benki. Mwaka 1999 Mwingereza Roger Bowler alitoa Hercules, programu inayoigiza kompyuta kuu ya IBM ndani ya kompyuta ya kawaida. Toleo la sita la VM/370 lilisambazwa bila hakimiliki, na wapenzi wake wanaliendeleza kwa kujitolea hadi leo. Kijana anayejifunza kompyuta kwenye Nyumba ya Vijana ya Kimisagara anaweza kulishusha kwenye laptopu, likaamka kwa sekunde chache. Ataingia kama mtumiaji wa kwanza, atafungua mashine pepe ya pili, na ndani yake ataiwasha VM/370 nyingine. Hiyo ya ndani aiharibu atakavyo: afute diski, ajaze spuli, aizime kwa amri mbaya. Akirudi nje, ile ya kwanza itakuwa bado inamsubiri aandike.