Tetemeko la ardhi: mambo ya kujua mbele ya kwenda kusoma Japani

Wandugu, wenzetu wakipata burse ya Japani tunawaambia habari ya baridi na ya luga, lakini ya tetemeko la ardhi tunaipita mbio. Mimi niko huku kwa masomo, na nataka tuiongee.

Sisi watu wa Kivu tunaijua. Bukavu wanakumbuka tarehe 3 Februari 2008. Goma wanakumbuka Mei 2021, wakati Nyiragongo ililipuka. Kwetu ardhi ikitingizika, mutu anakimbia nje. Inaeleweka, juu nyumba nyingi ni za matofali bila vyuma. Huku wanafundisha kingine: ingia chini ya meza, funika kichwa, shika mguu wa meza mpaka itulie. Ukikimbia nje, vioo na vigae vinakuangukia.

Nyumba nayo ichague vizuri. Kobe, tarehe 17 Januari 1995, ilitingizika saa 11 na dakika 46 alfajiri, watu wengi wakiwa bado kitandani. Walikufa zaidi ya 6,400, wengi juu ya kulaliwa na nyumba ao vyombo. Basi uliza nyumba ilijengwa mwaka gani: sheria ya ujenzi ilikazwa mwaka 1981, na nyumba ya mbele ya hapo inaweza kuwa na kodi ndogo lakini hatari kubwa. Kabati ifungwe ukutani, mbali na kitanda. Karibu na kitanda weka viatu (vioo vitajaa chini), tochi, maji, kopi ya paspoti na franga kidogo za mukononi, maana kuran ikikatika mashini ya benki haitoi kitu.

Kama uko pembeni ya bahari na ikitingizika kwa nguvu ao kwa muda murefu, panda mahali pa juu mara moja, usingoje tangazo. Tarehe 11 Machi 2011, maji ndiyo yaliua wengi.

Mwisho, wazazi. Siku ile rezo inajaa, kupiga simu kwa kila mutu hakuwezekani. Patana na mutu mumoja wa familia: yeye atapokea ujumbe «Niko muzima», atajulisha wengine. Tena mwandikie mama jina la muji wako kwenye karatasi. Televizyo ikisema «Japani», kwake Japani yote ni muji mumoja, na anaweza kulia usiku muzima wakati wewe uko mbali sana na mahali ilipotingizika.

Ninyi mulio Uturuki na kwengine, huko wanawafundisha nini? Tuandikieni.