Sanduku Lenye Kufuli Tatu

Huku Shinyanga na Geita umekwisha kusikia juu ya mikopo ya "kausha damu". Mama auzaye wali machimboni hupewa fedha leo, kesho aanza kudaiwa. Mvua ikisimamisha kazi, wachimbaji hawanunui, lakini deni halingoji: sufuria na kitanda huchukuliwa. Wengine humficha hata mume, na hapo nyumba huanza kuvunjika.

Basi, ulizeni habari za vikundi vya hisa. Mpango huu ulianza kwa wanawake wa vijiji vya Niger mwaka 1991. Watu kama ishirini wanaojuana hukutana kila juma, hununua hisa na kukopeshana mbele ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu. Mwenye kulitunza sanduku hana hata mmoja! Mwisho wa mwaka hugawana akiba na faida. Wakulima, pangeni kugawana Novemba, mbegu zinapotakiwa.

Na mkopeshaji wa nje akija, mwambie akuonyeshe leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 yamtaka awe nayo. Akisitasita, usitie dole gumba.