Kuku Aliyeacha Kutaga na Haki Yake Juu Yetu

Ni nadra kukuta Pemba ua usiokuwa na kuku, tangu Micheweni mpaka Mkoani. Mara nyingi mwenye kuku huyo ni mama wa nyumba au mtoto wake, na mayai ndiyo yanunuayo sabuni na daftari la chuoni. Basi tetea anapojikunyata pembeni, manyoya ameyatutumua, na kiota chake ni kitupu siku ya tatu, nyumba nzima huingiwa na fikira. Hapo hutoka mashauri mawili: mmoja husema achinjwe kabla hajafa, na mwingine husema apelekwe sokoni kabla hajajulikana. Sisi twasema kwamba kabla ya kisu na kabla ya soko pana wajibu mwingine, nao ni kumtazama.

Kwanza tujue kuwa si kila kuku aachaye kutaga ni mgonjwa. Anayeatamia hatagi, anayenyonyoka manyoya ili apate mapya hupumzika, na aliyezeeka mayai yake hupungua. Wa namna hii hula, hunywa na hutembea, na jicho lake hung'aa. Huyo aachwe na amri ya Muumba wake.

Ama mgonjwa, huenda akawa amekwama yai. Yai moja huchukua kama saa 25 kufanyika tumboni, na sehemu kubwa ya muda huo hupita katika kufanya ganda, ambalo karibu lote ni chokaa. Chokaa hiyo hiyo ndiyo izipayo nguvu nyama za ndani kulisukuma yai litoke. Ikipungua, yai husimama njiani. Jambo hili huwapata khasa tembe watagao mara ya kwanza, kuku walionenepa mno, na wale wenye yai kubwa kupita kiasi. Dalili zake ni kuingia kiotani na kutoka mara kwa mara bila ya kitu, kujikamua, kushusha mkia, na kusimama wima kama aliyebeba mzigo.

Kuku huyu asicheleweshwe, kwani siku moja au mbili zaweza kumuua. Atengwe na wenziwe, awekwe ndani ya tenga mahali penye kiza kidogo na utulivu. Yatengenezwe maji ya uvuguvugu ambayo kiwiko cha mkono chaweza kuyastahamilia bila ya kuungua, akalishwe humo mpaka tumbo lizame, kwa muda wa robo saa au dakika 20. Kisha akaushwe vizuri asipatwe na baridi, apakwe mafuta ya nazi kidogo penye tundu la kutagia, apewe maji ya kunywa, na aachwe peke yake. Wala mtu asimminye tumbo kwa nguvu kulitoa yai. Likipasuka ndani, vipande vya ganda humkata na kumtia uvimbe wa kumuua. Ikiwa siku imepita na yai halikutoka, au tumbo limevimba na kuwa teketeke kama lenye maji, dawa za nyumbani zimefika mwisho wake. Aitwe bwana mifugo.

Lakini kuna maradhi mengine ambayo nayo hukatiza mayai, na hayo ni makubwa zaidi: mahepe, au kideri kama waitavyo wengine. Wazungu huyaita kwa jina la mji wa Newcastle wa Uingereza, walikoyaandika mwaka 1926. Yai likikwama huumwa kuku mmoja, bali mahepe hushika wengi kwa pamoja. Huharisha choo cha kijani, hupumua kwa taabu, shingo hupinda, mbawa na miguu hulegea, na hufa kwa siku chache. Hayana dawa ya kuyaponya. Yana kinga tu, nayo ni tone moja la chanjo katika jicho la kuku aliye mzima, likarejewa kila baada ya miezi mitatu au minne. Waliokufa wafukiwe chini sana au wachomwe moto, na manyoya na matumbo yasitupwe njiani.

Kwa sababu hii, kumkimbiza sokoni kuku mgonjwa ni dhulma mara mbili. Anunuaye hutoa fedha yake kwa kitu chenye aibu iliyofichwa, na sote twaijua khabari ya yule mwuza nafaka aliyeuficha unyevu chini ya chungu yake, na karipio alilopewa na Mtume wetu, rehema na amani zimfikie. Kisha kuku huyo huenda akaingiza maradhi katika ua wa maskini mwingine, akammalizia wote. Na anayengoja mpaka roho itoke ndipo achinje, akumbuke kwamba huyo ni mzoga, haliwi wala hauzwi.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika kitabu chake cha Minhaj ameiweka lishe ya wanyama na maji yao ndani ya mlango wa nafaka, mlango ule ule wa haki za mke, watoto na wazee. Basi tusiseme, "Ni kuku tu." Kuku aliyefungwa bandani hawezi kujitafutia. Chenga za mchele na machicha ya nazi humshibisha, lakini chokaa yake ni haba. Nasi Mwenyezi Mungu ametuzungushia bahari: maganda ya chaza na kombe yamejaa pwani. Yaoshwe, yakaushwe juani, yatwangwe, yawekwe katika kigae pembeni, na kila kuku atadonoa kwa haja yake. Maganda ya mayai nayo yafaa, lakini yasagwe sana, asije kuku akajifunza kula mayai yake mwenyewe.

Enyi vijana wetu, kazi hii ni yenu. Asubuhi mnapofungua banda, hesabuni kuku wenu, tazameni macho yao na choo chao, ndipo mwende chuoni. Anayemjua kuku wake akiwa mzima, hatochelewa kumjua siku aumwapo.

Wa billahi taufiki.