Kabla hujanunua trekta la mtumba, ongea na fundi atakayelifungua

Minada ya ufuta ikiisha, maswali hapa ofisini Njinjo hubadilika. Wakati wa mavuno mnaniuliza habari za unyevu na magunia. Hela ikishaingia mnauliza trekta: "Bwana shamba, kuna Massey 290 inauzwa Dar, picha hizi hapa. Tuichukue?"

Nitajibu, ila kwanza nikiri kosa langu. Misimu kadhaa iliyopita vijana saba walikuja na uchaguzi wa matrekta mawili ya mtumba. Moja lilikuwa la zamani, rangi imepauka, oili inavuja kidogo. La pili lilikuwa jipya jipya, injini yake inapelekewa mafuta kwa kuongozwa na kompyuta. Mimi ndiye niliyewaambia wachukue hilo la pili. Kwa karatasi lilikuwa bora: linakula dizeli kidogo, halivuji, saa zake chache.

Februari, katikati ya kupanda ufuta, likawasha taa nyekundu na kugoma. Fundi wa Nangurukuru akaja, akafunua boneti, akaangalia, akafunika. "Hili linataka kompyuta," akasema. Tulisubiri kompyuta, kisha tukasubiri kifaa. Siku 19.

Pigeni hesabu. Tuseme trekta linalima ekari 7 kwa siku kwa Sh 50,000 kwa ekari. Hiyo ni Sh 350,000 kwa siku, na kwa siku 19 ni Sh 6,650,000. Hapo hujahesabu mashamba yao wenyewe, yaliyopandwa mvua ikiwa inaelekea ukingoni. Sisi huku tuna msimu mmoja wa mvua. Ukiukosa, umeukosa.

Baada ya hapo niliacha kujifanya mjuzi wa injini, nikawaendea mafundi wawili. Mmoja, wa Nangurukuru, amekulia kwenye Massey. Mwingine, wa Kilwa Masoko, ameshika sana matrekta ya Kihindi kama Swaraj. Hawapatani hata kidogo kuhusu lipi bora. Lakini kuna mambo wanakubaliana, na hayo ndiyo nawaletea.

Kudumu ni kitu kimoja, kutengenezeka ni kingine

Mzee wa Nangurukuru aliniambia hivi: "Mwanangu, hakuna injini isiyoharibika. Uliza ikiharibika Jumatatu, Jumatano itakuwa inalima?" Trekta linaloharibika mara tatu kwa msimu, kila mara siku moja, limekupotezea siku tatu. Linaloharibika mara moja tu na kukaa wiki tatu limekula msimu wako wote.

Na sisi tuko mbali. Njia yetu ya Nangurukuru hadi Liwale mnaijua ikinyesha. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara kuu ya Dar na Lindi pale Somanga, spea iliyokuwa Kariakoo ilikuwa kama iko Ulaya.

Pampu ya dizeli

Hapa ndipo pesa inapolala. Kuna aina tatu mtakazokutana nazo.

Ya kwanza ni pampu ya mstari, ambayo kila silinda ina kipampu chake na vyote vimepangwa safu moja. Vyuma vyake vya chini vinalainishwa na oili. Inavumilia kiasi.

Ya pili ni pampu ya kuzunguka, kama ile ya kwenye Massey nyingi za zamani zenye injini ya Perkins. Ni rahisi kufungua na spea zake zimejaa Dar. Ila inalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiipa dizeli yenye maji au iliyochanganywa na mafuta ya taa, inasagika ndani kwa ndani.

Ya tatu ni ya kompyuta. Mgandamizo wake ni mkubwa sana na matundu ya nozo ni madogo mno. Uchafu usiouona kwa macho unaiua, na bila kifaa cha kusoma hitilafu, fundi anabahatisha.

Sasa jiulizeni dizeli mnanunua wapi. Uchakachuaji si hadithi: ndiyo maana EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa. Mafuta ya kwenye madumu hakuna anayeyapima. Yaacheni dumuni yatulie usiku kucha, mimineni kwa kitambaa safi, na kile kidogo cha chini msikitie kwenye tenki. Chujio la kutenganisha maji fungueni kila asubuhi, maji yatoke.

Slivu na chujio la hewa

Muulizeni fundi: slivu za injini hii ni kavu au za maji? Za maji, fundi mzuri anaweza kuzivuta na kuweka mpya injini ikiwa kwenye trekta, hapo hapo uani. Kavu zinahitaji mashine ya kukandamiza, mara nyingi na kusawazishwa, maana yake bloku inasafiri mjini. Perkins 4.248 ya kwenye Massey 290 ina slivu kavu. Kwa hiyo hata Massey inayosifiwa na kila mtu ina siku yake ya kupanda lori.

Chujio la hewa nalo ni la aina mbili. La bakuli la oili unaliosha kwa dizeli, unatia oili mpya, unaendelea. La karatasi linachuja vizuri zaidi, ila likijaa vumbi la huku lazima uwe na jingine stoo. Kulipiga upepo mara kumi kumi ni kulitoboa.

Siku ya kwenda kuliona

Nenda na fundi wako, umlipe siku yake. Dalali siye fundi wako.

1. Fika asubuhi na mapema, ukute injini ya baridi. Ukiikuta ina moto, wamekuficha shida ya kuwaka. Subiri ipoe.
2. Ikiwa inanguruma, legeza mfuniko wa kutilia oili. Moshi ukitoka kwa msukumo kama bomba la jiko, ringi zimechoka.
3. Angalia chini ya mfuniko huo. Ukiona utelezi mweupe kama maziwa, maji yanaingia kwenye oili.
4. Nyanyua jembe, zima injini, kaa pembeni dakika kumi. Likishuka haraka, haidroliki inavuja ndani.
5. Lima nalo, hata nusu saa. Gia inayochomoka yenyewe huigundui likiwa limesimama.
6. Soma kibati cha injini. Boneti inaweza kuwa ya 290 na injini ikawa ya kitu kingine kabisa.

Fundi wa Kilwa Masoko aliongeza la saba: kabla hujalipa, piga simu maduka matatu ya spea uulize sahani ya klachi, nozo na pampu ya maji ya modeli hiyo hiyo. Duka moja tu likiwa nazo, siku likifunga nawe umefunga. Nyote mkijibiwa "tunaagiza", rudini nyumbani na hela yenu.

Wale vijana saba waliliuza lile trekta kwa hasara. Wakanunua Massey 240, dogo, silinda tatu, farasi zisizofika hamsini. Watu waliwacheka. Pamoja nalo walinunua sanduku la bati: mkanda wa feni, machujio, mipira ya rejeta, nozo moja, na ngozi ya pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tenki. Februari iliyopita ngozi hiyo ilipasuka Jumanne jioni, wakiwa bondeni Matandu. Fundi alifika na pikipiki, akafungua sanduku lao. Jumatano saa nne walikuwa wanalima shamba la mmoja wa waliowacheka.

Mwenye picha za trekta alete ofisini. Ila aje na namba ya fundi wake.